Kikaangio cha Rasoa

Saa kumi na mbili kasorobo, na mvua ya Kakamega
imeshatoza ushuru wake wa jioni.
Nimepitia kwa Lubanga, bucha ya karibu na kinu,
nusu kilo ya nguruwe. Nikamwambia, kata vidogo.
Vidogo zaidi. Leo sina muda wa kuibembeleza nyama.
Akacheka, panga hewani: "Mwalimu, unapikia ndege?"
Napikia muuguzi, nikasema. Zamu yake ni saa moja.

Waliosema haraka haraka haina baraka
hawakuwahi kuoa mtu wa wodi ya wazazi.

Sufuria zimelowekwa kwenye karai tangu jana,
sitaki tutazamane.
Kimebaki kikaangio, kile cha mama mkwe, Rasoa,
cheusi, kizito kama deni la karo,
mpini umefungwa kwa waya wa redio iliyokufa.
Mafuta sitii. Nguruwe huja na yake.
Unamweka kwenye chuma kikavu, unangoja,
anaanza kwa mnong'ono, chwa, chwa,
kisha mlio mmoja mrefu
kama bati lililokumbuka mvua.

Usimgeuze mapema.
Nililijua hili kwa kurarua nyama nyingi:
mwache, ataachia chuma kwa hiari yake.

Imali yuko juu ya kigoda, anakata karoti,
vipande vingine shilingi tano, vingine ishirini.
"Baba, theluthi mbili za karoti ni ngapi?"
Ni zile ambazo hujala, mwanangu.
Kitunguu kinaingia. Tangawizi. Hoho la kijani,
nusu yake limeoza, nusu yake ni zuri kabisa.
Dirisha linatokwa jasho. Paka wa jirani
amekaa mlangoni kama mdai.

Hapo ndipo moto unageuka njano.

Unajua ile njano. Unajua pia tarehe:
ishirini na tatu, mshahara uko mbali huko.
Nautikisa mtungi. Nauita jina.
Mwali unaruka mara moja, unakaa, unazima,
na kabichi bado iko kwenye ubao, mbichi, nyeupe,
imekatwa nyembamba kwa bure.

Imali haniangalii. Anasema tu, "Kukhu alikuwa anafunika."

Basi naimwaga kabichi yote, na viporo vya ugali wa mchana
nilivyokata kama sabuni, nafunika kwa sinia,
juu ya sinia naweka kitabu cha hesabu, kiwe kizito.
Tunasikiliza.
Gesi imekwisha, lakini chuma cha Rasoa hakijapata habari.
Ndani yake bado kunachemka, chwa, chwa,
taratibu, kama mtu anayemaliza sala
baada ya wengine kusema amina.

Kageha anaingia, viatu mkononi, kofia ya mvua kichwani.
"Na ugali?"
Umo humo.
"Humo wapi?"
Nafunua. Mvuke unampanda usoni na ananyamaza,
yeye ambaye huwa hanyamazi.
Kabichi imelegea bila kufa. Ugali umeshika rangi pembeni.
Tunakula tukiwa tumesimama, vijiko vitatu, kikaangio kimoja,
yeye amejifunga kanga juu ya sare
na anasimulia mapacha wa jana, waliozaliwa
wakigombana.

Dakika kumi na mbili. Nimezihesabu.
Kisha bodaboda inapiga honi langoni,
ananibusu kwa midomo ya tangawizi, huyo.

Vipande vitatu vyenye ngozi nimevificha chini ya sinia.
Atakaporudi nitakuwa darasani, nanuka chaki.
Atavila vikiwa baridi, kwa vidole, mlango wazi.
Hataandika asante, hatuna kalamu inayoandika.
Lakini jioni nitakikuta kikaangio kimefutwa, kikavu,
kimepakwa mafuta kidogo kwa kitambaa,
jinsi mama yake alivyokuwa akikilaza.